Spika ya kuzunguka kwenye gitaa: dalili, chanzo na pa kuanzia

Spika ya kuzunguka, yaani kabati linaloizungusha sauti au efekti inayoliiga, ina ubaya mmoja: ukiisikiliza peke yake haikosei. Gitaa linaelea, linang'aa, mpigaji mwenyewe anatikisa kichwa kwa kuridhika. Rudisha ngoma, besi na mwimbaji, ndipo vituko vinapoanza. Gitaa limejificha nyuma ya ukuta, au limelewa, au linakula noti, au ukilicheza kwenye simu linakuwa kitu kingine kabisa. Hapo watu huanza kuzungusha vitufe ovyo mpaka usiku wa manane.

Nami nimezungusha vya kutosha. Siku hizi kabla sijagusa kitu najiuliza swali moja: anayeleta tabu ni wa juu au wa chini? Ukilijibu hilo, nusu ya matatizo yaliyoandikwa hapa yanajieleza yenyewe.

Wa juu na wa chini ni nani

Don Leslie alikuwa Mmarekani aliyenunua kinanda cha Hammond mwaka 1937, akakuta nyumbani kwake hakina ule ukubwa aliousikia alipokijaribu. Akaunda kabati la kukizungusha sauti, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaanza kuliuza. Wapiga gitaa waliliiba baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1960, na mpaka leo plagini nyingi za spika ya kuzunguka (efekti za ndani ya programu ya kurekodia) zinaiga makabati yake mawili, 122 na 147.

Ndani ya kabati hilo sauti inagawanywa kwenye 800 Hz (mitetemo 800 kwa sekunde). Kilicho juu ya hapo kinatoka kwenye honi inayozunguka. (Kwa macho utaona honi mbili, lakini moja ni bubu. Imewekwa kusawazisha uzito tu.) Kilicho chini ya hapo kinatoka kwenye wufa, spika ya sauti nzito, ya inchi 15 iliyolala kifudifudi, inayopuliza ndani ya pipa lenye uwazi upande mmoja, na pipa hilo linazunguka kinyume cha honi. Kasi ni mbili. Ya taratibu ni mizunguko 40 hadi 50 kwa dakika. Ya haraka, honi inafika takriban 400 na pipa takriban 340. Kwa hiyo ni vitu viwili visivyozunguka pamoja, na ndiyo maana sauti yake haichoshi sikio kama tremolo ya kawaida, ile efekti ya kupandisha na kushusha ukubwa wa sauti.

Sasa weka gitaa humo. Uzi wa kwanza ukiwa wazi unatoa kama 330 Hz. Uzi huo huo kwenye freti ya 15 ni 784 Hz. Maana yake ni kwamba karibu kila noti utakayopiga, msingi wake unapita kwenye pipa, na honi inapata mng'ao wake tu: mlio wa piki, ukali wa waya, zile sauti za juu zinazotufanya tujue hili ni gitaa wala si filimbi. Kinanda cha Hammond hakina mgawanyo mkali hivi, kwa sababu mpigaji anajaza pande zote mbili kwa mkono mmoja. Gitaa ni mgeni kwenye kabati hili, na matatizo mengi yanatokana na ugeni huo.

Angalizo dogo. Mwaka 1967 Fender walitoa Vibratone, ambayo ina spika moja tu ya inchi 10 na rota moja (kile kinachozunguka), haina honi kabisa. Ndiyo aliyoipenda Stevie Ray Vaughan. Kama plagini yako iko kwenye modeli ya aina hiyo, swali langu la juu na chini halina kazi. Angalia kwanza umechagua nini kabla ya kutafuta kitufe cha honi ambacho hakipo.

Vipimo vya kuanzia ni vitatu na havichukui dakika moja. Simamisha mzunguko kabisa. Zima rota moja, sikiliza nyingine. Kisha bonyeza mono, yaani kulia na kushoto viunganishwe kuwa sauti moja. Vyote vitatu uvifanye vyombo vingine vikiwa vinalia, kwa sababu gitaa likiwa peke yake, kama nilivyosema, halikosei.

Gitaa limerudi nyuma, kama liko chumba cha pili

Simamisha mzunguko. Kama gitaa bado liko mbali, mzunguko hauna kosa. Karibu kila mara nimekuta kosa ni makabati mawili yamepangwa foleni. Mtu amerekodi gitaa moja kwa moja, akaweka amplifaya ya plagini pamoja na kabati lake la spika, halafu akafuatisha spika ya kuzunguka. Spika ya gitaa hukata mng'ao wa juu kuanzia kHz 5 (Hz 5000) hivi. Honi ya Leslie nayo haina kitu cha maana juu ya kHz 6 au 7. Umepitisha sauti kwenye chujio mara mbili, na kila chujio limekuja na chumba chake na maiki zake.

Leslie yenyewe ni kabati. Kwa hiyo zima sehemu ya spika kwenye amplifaya ya plagini, bakiza amplifaya tupu, kisha ingia kwenye spika ya kuzunguka. Ikiwa amplifaya ilirekodiwa kwa maiki na huna gitaa safi lililohifadhiwa pembeni, hiyo kabati ya kwanza huwezi kuivua tena. Ongeza kidogo kati ya kHz 2 na 4 kabla ya plagini, siyo baada yake, ili kitakachoongezwa kizunguke na vingine. Na mara nyingine rekodi gitaa safi kwenye treki yake, hata kama mpigaji anasisitiza anataka kusikia efekti akipiga. Msikilizishe efekti, rekodi safi.

Ikiwa gitaa linarudi nyuma pale tu mzunguko unapoanza, tazama umbali wa maiki. Maiki zikiwa mbali unapata chumba kingi na mzunguko laini. Zikiwa karibu, kila honi inapopita unasikia pumzi yake. Kwenye miksi iliyojaa, zisogeze karibu kuliko unavyodhani inafaa.

Na kama umechanganya gitaa safi na la kuzunguka ukapata sauti yenye uwazi katikati, kama mtu anaongea ndani ya bomba, programu yako haifidii ucheleweshaji wa plagini. Zile mbili zinafika kwa nyakati tofauti na kufutana. Washa fidia hiyo, au lirekodi gitaa la kuzunguka liwe faili lake ulisogeze kwa mkono.

Kwenye hedifoni tamu, kwenye simu limekufa

Hili bonyeza mono kwanza, usipoteze muda.

Wengi wetu tunafungua plagini na kukuta maiki mbili za honi zimewekwa kulia na kushoto kabisa, zikitazamana, pembe ya nyuzi 180 baina yao. Kwenye hedifoni gitaa linapita kichwani kama panka. Lakini fikiria kinachotokea. Honi ikitazama maiki ya kulia, ya kushoto inasikia mgongo wake. Nusu mzunguko baadaye yanageuka. Ukiziunganisha kwenye mono, moja inapopanda nyingine inashuka, na kinachobaki ni mtikisiko mdogo wenye kasi maradufu: badala ya mara 6 au 7 kwa sekunde unasikia mara 13. Uzuri wote umefutwa na mahali pake pamekuja kitu kama nzi chupani.

Msikilizaji wako anasikiliza kwenye spika moja ya simu, au kwenye redio ya dukani. Nyimbo zetu zinaishi huko. Kwa hiyo punguza pembe kati ya maiki mpaka nyuzi 90 hivi, kisha sogeza pani zake (vitufe vya kulia na kushoto) ndani, nusu ya njia inatosha. Maiki ya pipa iwe moja na ibaki katikati. Kama plagini haina uhuru huo, tumia maiki moja tu, mono kabisa, na upana utafute kwenye mwangwi mfupi wa chumba utakaouweka baadaye. Sauti hiyo haitamshangaza mtu mwenye hedifoni, lakini itafika popote.

Magitaa mawili yaliyopigwa sehemu ile ile, moja kulia na moja kushoto, yote mawili yakiwa na spika yake ya kuzunguka, ni ugonjwa huo huo umezidishwa mara mbili. Unapata rota nne zisizojuana. Yapeleke yote kwenye basi moja (njia ya pamoja ndani ya programu) na kabati moja, kama vile watu wawili wamechomeka kwenye spika ile ile, au zungusha moja na lingine liache likae kimya mahali pake. Mimi huchagua la pili.

Noti zinaliwa

Hapa ndipo magitaa yetu yanapopata tabu kuliko ya wengine, kwa sababu tunapenda noti nyingi.

Chukua sebene ya mapigo 120 kwa dakika, gitaa la solo linatembea noti nne katika kila pigo. Hizo ni noti 8 kwa sekunde. Honi ikiwa kasi ya haraka inazunguka 400 kwa dakika, yaani mara 6 na theluthi mbili kwa sekunde. Piga hesabu: katika robo tatu ya sekunde honi inazunguka mara 5 kamili, na mpigaji anapiga noti 6. Noti ya kwanza ikiangukia mbele ya honi, ya saba nayo itaangukia mbele. Na katikati, ya nne imeangukia mgongoni. Kwa hiyo kila noti sita, moja inapewa mkazo ambao mpigaji hakuutia, na nyingine inamezwa. Yeye anahesabu kwa nne, honi inahesabu kwa sita. Msikilizaji hajui kinachomsumbua ni nini. Anasema tu gitaa "linateleza", na wa kwanza kulaumiwa ni mpigaji.

Niliwahi kumrudisha mpigaji achukue upya sehemu moja mara tatu, nikimwambia mkono wake hauko sawa. Ulikuwa sawa. Nilipozima efekti nikasikia noti zote ziko mahali pake kama shanga kwenye uzi. Nilimwomba radhi, lakini siku ilikuwa imekwenda.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kuifunga kasi ya mzunguko kwenye mwendo wa wimbo. Jaribu usikie: ukiweka mizunguko 8 kwa sekunde, kila noti inaangukia mahali pale pale pa honi. Mzunguko upo lakini noti zote zinasikika sawa, zikiwa zote mbele au, mbaya zaidi, zote nyuma. Umelipa gharama ya efekti bila kupata chochote. Kabati la kweli halijui wimbo una mwendo gani, na ni afadhali lisijue.

Kinachofaa ni kasi ya taratibu. Kwa mizunguko 45 kwa dakika, honi inazunguka mara moja kwa sekunde na theluthi. Kwa mwendo ule wa 120, karibu noti kumi na moja zinapita ndani ya mzunguko mmoja. Hakuna noti moja inayomezwa. Ni kundi zima linalogeuka polepole kama mchezaji anayekuonyesha upande huu kisha ule. Sebene inapenda hivyo. Kasi ya haraka iwekee makodi yanayokaa, au ile noti moja ya mwisho inayovutwa kabla wimbo haujarudi kwa mwimbaji.

Kama lazima iwe haraka, acha gitaa safi katikati libebe mguso wa noti, na la kuzunguka liwe chini yake kwa dB 8 hadi 10. Sikio litashika noti kutoka kwa safi, na mtikisiko kutoka kwa lile lingine. Gitaa la ridhimu linalokata makodi mafupi lina ugonjwa kama huu, ila kwake dawa ninayoiamini ni kutomwekea spika ya kuzunguka kabisa.

Gitaa halikutuniwa, au linalewa likipanda juu

Mpigaji ametuni, kipimo cha tuni kinasema ametuni, lakini gitaa dhidi ya kinanda linachukiza.

Honi inapokuja kwako inapandisha sauti, inapokwenda inaishusha, kama honi ya basi linalokupita barabarani. Chukua honi yenye urefu wa sentimita 20 kutoka katikati mpaka mdomoni. Kwa mizunguko 400, mdomo unakwenda mita 8 na kitu kwa sekunde, na hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 2 ya mwendo wa sauti hewani. Kwa lugha ya tuni ni karibu senti 40 juu na senti 40 chini, wakati nusu toni nzima ni senti 100. Kwa kasi ya taratibu, hesabu hiyo hiyo inatoa senti 5 tu, ambazo hazimuudhi mtu.

Pipa haliyumbishi tuni kiasi hicho, kwa sababu wufa yenyewe imetulia na kinachozunguka ni uwazi tu. Kwa hiyo kwenye freti za chini msingi wa noti umetulia na mng'ao ndio unaoyumba. Lakini solo ikipanda kupita freti ya 15, msingi wenyewe unahamia kwenye honi, na ghafla noti nzima inayumba. Mpigaji hakubadilika, ametoka kwenye mikono ya rota moja akaingia kwenye ya nyingine. Mgawanyo haukati kama kisu, basi mabadiliko yanaanza mapema kidogo, lakini ukijua pa kusikiliza utayasikia wazi.

Shusha kasi ya haraka ya honi mpaka 330 au 350, kwa kuwa kuyumba kwa tuni kunafuata kasi moja kwa moja. Plagini ikiruhusu, pandisha mgawanyo uwe 1000 au 1200 Hz, ili zile noti za juu zibaki mikononi mwa pipa. Si uaminifu kwa Don Leslie, ila naye hakuliunda kwa ajili ya solo ya gitaa.

Chini kunavuruga

Besi na gitaa vinapigana, na mapigano yenyewe yanakuja kwa mawimbi. Zima rota ya juu usikilize pipa peke yake. Utakuta kati ya 100 na 250 Hz gitaa linapanda na kushuka mara 5 na kitu kwa sekunde, mahali ambapo besi ingetaka kukaa peke yake.

Kata chini kwenye 120 Hz kabla ya plagini. Isipotosha, simamisha pipa na uache honi tu izunguke. Baadhi ya wapiga Hammond hulichomoa pipa kwa makusudi, kwa hiyo hujavunja sheria ya mtu.

Nikiongeza distoshoni mzunguko unapotea

Distoshoni inabana sauti: kubwa na ndogo zinakuwa karibu sawa. Ukiiweka baada ya spika ya kuzunguka, ule upandaji na ushukaji uliotengenezwa unasagwa. Inabaki kuyumba kwa tuni peke yake, kitu cha kutia kichefuchefu. Kwenye kabati la kweli amplifaya ya taa (zile vali za kioo) ya wati 40 ndiyo inayounguruma, na iko kabla ya honi. Fuata njia hiyo hiyo: distoshoni kwanza, mzunguko baadaye. Ikiwa unatumia pedali ya spika ya kuzunguka na amplifaya inayokwaruza yenyewe, ipeleke pedali kwenye njia ya efekti nyuma ya amplifaya, usiichomeke mbele.

Kompresa, kifaa cha kubana sauti, nayo ni ndugu yake. Iweke kabla. Na angalia ile ya mwisho, ya miksi nzima: wimbo ukibanwa sana mwishoni, mzunguko uliousikia jana leo haupo, na aliyeuua hayuko kwenye treki ya gitaa.

Kasi inabadilika mahali pasipo pake

Honi ni nyepesi, inashika kasi ndani ya sekunde moja hivi. Pipa ni zito, linahitaji kama sekunde tano. Ndiyo raha ya chombo hiki. Wimbo wa mapigo 100 una sekunde 2.4 kwa kila baa ya mapigo manne. Ukibadilisha kasi pigo la kwanza la kiitikio, honi itafika pigo la tatu, na pipa baa ya tatu. Wimbo umeshaingia, gitaa bado linavaa viatu.

Sogeza badiliko nyuma mapigo mawili, honi iwe imefika kiitikio kinapoanza. Pipa liache lichelewe. Kama plagini inaruka mara moja kutoka taratibu hadi haraka, tafuta muda wa kuongeza kasi uuweke kwa mkono, tofauti kwa kila rota. Wakati wa kushuka fanya vivyo hivyo, usiikate. Ile sekunde tatu au nne ambapo honi imetulia na pipa bado linajivuta chini ya mistari ya mwimbaji, mimi ningetoa efekti nyingine zote nibaki nayo.

Kila nikitoa faili linatoka tofauti

Rota za plagini nyingi zinazunguka tu, hazijali umebonyeza kucheza kutoka wapi. Jana noti ya kwanza iliangukia mbele ya honi, leo mgongoni. Siyo hitilafu. Rekodi gitaa la kuzunguka kwenye treki mpya mara tatu au nne, sikiliza, chagua, kata na unganisha kama unavyofanya kwa sauti ya mwimbaji, kisha zima plagini. Ukisahau, mteja atakupigia simu kusema uliyomtumia si ile aliyoikubali, naye atakuwa anasema kweli.

Mteja mwingine atalalamika kuwa hata matoazi yanazunguka. Muulize amesikiliza faili gani. Faili lililobanwa mno ili liwe dogo huleta mvurugiko wa maji kwenye sauti za juu, na sikio lililokwisha kuambiwa kuna spika ya kuzunguka litaubandikia spika hiyo.

Linasikika kama kiigizo

Pedali au plagini ya bei ndogo mara nyingi haigawanyi sauti. Inatikisa kila kitu pamoja kwa kasi moja, na hiyo ni tremolo yenye jina kubwa. Unaweza kujijengea bora zaidi kwa vitu vilivyomo tayari kwenye programu yoyote ya kurekodia.

Nakili treki mara mbili. Moja ikate juu ya 800 Hz, uipe tremolo ndogo ya 5.7 Hz, basi. Nyingine ikate chini ya 800 Hz, uipe tremolo ya 6.7 Hz na vibrato (kuyumbisha tuni) ya 6.7 Hz. Siri iko kwenye mpangilio wa hizi mbili. Honi inapokutazama sauti iko kubwa kabisa, lakini wakati huo haiji wala haiendi, kwa hiyo tuni imetulia. Tuni inakuwa juu kabisa robo mzunguko kabla ya hapo, honi inapokimbilia kwako. Basi kilele cha vibrato kitangulie kilele cha tremolo kwa nyuzi 90. Watu wanaviweka pamoja, na ndiyo maana vyao vinasikika kama mbuzi. Ongeza chujio linalofunguka na kufunga pamoja na tremolo, maana honi ikikupa mgongo hupoteza mng'ao kabla ya ukubwa.

Kwa mwenye kabati lenyewe

Upepo wa honi kwenye maiki ni kelele ya kawaida. Vaa maiki sponji, zirudishe sentimita 30 kutoka kwenye mapengo ya mbao, na usitoe kifuniko cha nyuma kwa tamaa ya mng'ao kabla hujajaribu kikiwepo.

Kuhusu waya sina mzaha. 122 na 147 zote zina plagi ya pini 6 na plagi zinaingiliana, lakini ndani zimepangwa tofauti, na umeme wa ukutani unapita humo humo. Usibahatishe. Gitaa nalo halichomekwi moja kwa moja, linahitaji kifaa chake cha kuingilia.

La mwisho linawahusu walioagiza kabati kutoka Marekani. Limeundwa kwa volti 117 na umeme wa 60 Hz. Transfoma inashusha volti 230 zetu vizuri kabisa, lakini haibadilishi 50 Hz kuwa 60, na mota hizi hufuata Hz. Kwa hiyo kabati linazunguka pungufu kwa sehemu moja kati ya sita: pale pa 400 unapata 330 na kitu. Mafundi wamefungua amplifaya, wamebadilisha taa, wamelaumu grisi, kumbe ni umeme wa nchi. Puli ya mota ya honi ina ngazi tatu. Chomoa umeme, hamisha mkanda uende kwenye ngazi pana zaidi. Kisha pima: rekodi sekunde 10 za kodi moja likiwa kwenye kasi ya haraka, maiki moja karibu na honi, ukuze picha ya sauti uhesabu vilima. Ukipata 55 au 56, mkanda haujafika pake. Ukikaribia 67, funga kifuniko.